Stima iko wapi? Kisa cha gemu moja ya Nairobi

Hiki ni kisa cha kweli. Niliifanyia gemu hii kazi ya majaribio kuanzia mwezi wake wa nane hadi ilipotoka, kwa hiyo nisisomwe kama hakimu aliyeketi mbali. Baadhi ya ripoti zilizoipotosha niliziandika mimi. Wenzangu wameniruhusu kusimulia kwa sharti kwamba asitambulike mtu. Gemu nitaiita Stima, yaani umeme, ambalo silo jina lake, na watu nitawataja kwa kazi zao. Mtaa wa ofisi, msambazaji na kiasi cha pesa nimeviacha nje. Wanaofuatilia gemu za hapa watataka kukisia. Wasikisie Nairobi X ya Black Division Games, ile ya 2015 ambamo wageni wa angani wanavamia jiji. Hii ilikuja miaka kadhaa baadaye na ni ya watu wengine kabisa.

## Wenyewe na wazo lao

Mwanzoni mwa 2021 walikuwa watano: mkurugenzi, ambaye ndiye pia aliyepanga ramani za gemu, programa mmoja, wachoraji wawili, na dada wa sauti aliyekuja siku tatu kwa wiki. Walikodi chumba juu ya duka la vipuri. Kabla ya hapo waliishi kwa kuchora nyumba ambazo hazijajengwa, zile picha za mabango ya Kilimani na Kileleshwa zenye bwawa la kuogelea na familia inayocheka, huku ploti yenyewe bado ni shimo lililozungushiwa mabati. Kazi hiyo hudharauliwa, lakini iliwapa jicho. Walijua jua la saa kumi linavyopiga ukuta wa mawe, na taa ya duka inavyomwagika kwenye matope baada ya mvua.

Waliamua kutengeneza gemu ya kufyatua, ya aina ile ambayo mchezaji haoni mwili wa mhusika ila mikono yake na mtutu. Mwaka ni 2097. Viumbe kutoka nje ya dunia wameshuka Nairobi, na watu wa jiji wanawaita Wageni. Hawali nyama wala nafaka; wanakula umeme. Wamening'inia juu ya vituo vya umeme kama popo, na mitaa inapata mabaki. Mhusika ni fundi wa stima, mwanamke wa makamo, aliyeunda silaha kwa vyuma vya Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Silaha hiyo wakaiita Koleo.

Koleo haina risasi. Inanyonya stima kutoka nguzo iliyo karibu, ile ile inayowasha taa za mtaa. Kila ukifyatua, madirisha yanafifia kidogo. Ukifyatua mara 12 mfululizo transfoma inakata, na kipande chote cha mtaa kinazama gizani. Gizani Koleo imekufa, ila Wageni nao wamekosa chakula. Wanalegea, wanaanza kuzunguka kwa kupapasa. Kurudisha stima ni lazima ukimbie hadi kwenye transfoma uinue swichi kwa mkono. Na mtaa una watu. Mama mmoja anafungua dirisha ghorofa ya tatu, anauliza kwa ukali ni nani amezima, maana ana wali kwenye koili.

Mkazi wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa hili. Amekua akijua kwamba stima inagawanywa, inanunuliwa kwa tokeni ya tarakimu 20, inavutwa kwa waya wa wizi kutoka kwa jirani, na inakatika mechi ikiwa dakika ya 85. Nimecheza gemu nyingi za kufyatua ambamo risasi ni namba tu pembeni mwa skrini. Katika hii, risasi ilikuwa taa ya mtu.

## Dakika 12 kibandani

Kufikia Oktoba 2021 walikuwa na kipande kimoja kinachochezeka: uchochoro wa Eastlands, mashariki mwa jiji, transfoma moja, Wageni saba. Walibeba kompyuta ya programa, mzigo mzito wenye kadi nzuri ya michoro, wakaipeleka kwenye kibanda cha gemu, aina ile yenye televisheni nne na viti vya plastiki, ambako vijana hulipa kwa mechi na mechi karibu zote ni za mpira. Mwenye kibanda aliwapa televisheni moja kwa Jumamosi mbili. Mkurugenzi alijikataza kueleza chochote. Alikaa nyuma na daftari.

Mimi sikuwepo; nilionyeshwa video. Wa kwanza walifyatua ovyo, stima ikakatika, wakasema mashine imeharibika. Kisha mama wa dirishani akafoka na kibanda kizima kikaangua kicheko. "Mathe ananitusi juu ya stima!" Kuanzia hapo foleni ikatoka hadi nje kwa muuza mahindi. Wengi walielewa Koleo katika dakika nne hivi, bila kusoma neno lolote la maelekezo, na kumaliza uchochoro mzima kulichukua dakika kama 12.

Kijana mmoja wa miaka kama 14 ndiye aliyewafunza watengenezaji gemu yao wenyewe. Aliingia uchochoroni, akafyatua hewani mara 12 hadi mtaa ukazima, akajibanza kando ya transfoma, akasikiliza. Dada wa sauti alikuwa amewapa Wageni mvumo wa chini, kama wa transfoma mbovu, unaopanda kadiri wanavyokaribia. Kijana akasubiri wakusanyike gizani. Alipoinua swichi, kabla hawajashiba, akawamaliza wote saba kwa mipigo tisa. Mbinu hiyo haikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Ilitokana na kanuni tatu zilizogusana: silaha inakula taa, adui anakula taa, na gizani sikio linafanya kazi ya jicho. Mkurugenzi aliandika kwenye daftari lake neno moja, "Hii", akalipigia mstari mara tatu. Nimeliona.

## Laptopu ya kawaida

Ofisini mambo yalikuwa tofauti. Kwenye laptopu iliyotumika, aina inayouzwa Moi Avenue bila kadi ya michoro ya pekee, uchochoro ule ule ulikwenda fremu 14, yaani picha 14, kwa sekunde. Fremu 60 kwa sekunde zinaipa mashine milisekunde 16.7 za kuchora kila picha. Fremu 30 zinaipa milisekunde 33.3. Hapa kila picha ilichukua zaidi ya milisekunde 70. Unasogeza mtutu, na mtutu unakufuata baadaye kama punda aliyechoka.

Chanzo kilikuwa taa. Taa inayoweza kuwashwa na kuzimwa katikati ya mchezo huhesabiwa upya katika kila fremu. Ikiwa inatupa vivuli, injini, yaani programu inayoiendesha na kuichora gemu, hulazimika kuvichora tena vitu vilivyo karibu nayo kutoka upande wa taa yenyewe, na taa inayomulika pande zote, kama balbu, hudai kufanyiwa hivyo kwa nyuso sita. Uchochoro ule ulikuwa na taa 40. Wachoraji wetu, wazoefu wa picha za mabango ambazo kompyuta huachiwa usiku kucha kuchora moja tu, walikuwa wamelipatia kila dirisha balbu yake na kila balbu vivuli vyake. Kulipendeza mno, na hilo lilichangia balaa, kwani hakuna aliyetaka kugusa.

Dawa inayojulikana ni kuhesabu mwanga mapema na kuubandika ukutani kama rangi. Mashine dhaifu inaubeba bila kuhema. Lakini mwanga uliobandikwa hauzimiki, na gemu hii yote ni kuzima. Katika mkutano wa Januari 2022 programa aliandika ubaoni kwamba wazo la stima halibebeki kwenye mashine za wateja wetu. Hakuna aliyepinga. Tutairudia sentensi hiyo.

## Mkataba na kilichoufuata

Wiki hizo hizo msambazaji wa ng'ambo, aliyekuwa ameona video za kibandani, akaandika. Angelipa kwa awamu, kila awamu ikifungwa na kazi iliyokamilika, na baadaye angejilipa kwanza kutokana na mauzo kabla ya timu kupata mgao, jambo la kawaida katika biashara hii. Alitaka gemu ya saa 8 au zaidi, silaha zisizopungua 6, na mwanzo ambao mzoefu wa gemu za kufyatua angeutambua bila kufunzwa. Mkurugenzi alikuwa na mishahara ya miezi mitatu benki.

Ni rahisi leo kumcheka. Mimi sicheki. Mnunuzi wa gemu hulinganisha bei na saa atakazocheza, na msambazaji hakusema stima ifutwe; alisema orodha yake itimie. Ni timu iliyoamua kwamba Koleo iwe silaha ya hatua moja tu, ya tano kati ya tisa, na hatua nyingine zichezwe kwa bunduki za kawaida zenye magazini. Sababu walizoandika zilikuwa mbili: fremu 14, na muda. Ya tatu hawakuiandika, lakini niliisikia mara nyingi wakati wa chai: hofu kwamba mchezaji wa nje hataelewa habari za nguzo na transfoma.

Uamuzi wa pili ulifuata wa kwanza kama mkia. Ikiwa taa hazizimiki, mtaa wa Nairobi umebaki kuwa gharama tu: unaonekana mbali, umejaa vitu, na kila kitu sharti kichorwe. Ndani ya chombo cha Wageni kuna korido, na korido ni rafiki wa mashine dhaifu, kwani kona huficha yote yaliyo nyuma yake. Hatua saba kati ya tisa zikahamia humo. Watu waliojua jua la saa kumi linavyopiga mawe wakatumia zaidi ya mwaka kuchora vyuma vya buluu.

Nje ya hatua ya tano, jiji lilibakiwa na dakika 20 za mwanzo, juu ya KICC, lile jumba la mikutano la katikati ya jiji. Nitasema langu hapa: jengo hilo lilikamilika 1973, lina ghorofa 28, na kila anayetaka kuthibitisha kwamba hadithi yake iko Nairobi huanza kwa kulibomoa. Limeteseka vya kutosha. Nairobi ya gemu hii ilikuwa kwenye nyaya za uchochoroni na kwenye wali wa yule mama.

Hadithi nayo ilikatwa. Katika andiko la kwanza Wageni walifika kwa kufuata alama ya Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Fundi wetu angemalizia safari juu ya jukwaa hilo, vyuma vimeota kutu, bila nguzo hata moja ya kunyonya. Fikiria: mtu ambaye silaha yake ni mtaa wake, amesimama mahali pasipo na mtaa. Andiko la pili halina Malindi. Wageni wamekuja kwa kuwa Wageni huja.

Sauti zikarekodiwa kwa Kiingereza, waigizaji wa hapa wakiombwa waseme kama Wamarekani. Hatua ya tano ikabaki na mtaa wake, lakini mama wa dirishani akawa anapaza sauti kama yuko Texas. Dada wa sauti aliomba jina lake lisiandikwe chini ya kipande hicho.

## Bunduki sita, adui watatu

Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Mpango ulikuwa na aina nane za Wageni. Waliotoka ni watatu. Mchoro wa adui mpya si kazi kubwa kiasi hicho. Kazi ni tabia yake: anajificha wapi, anazunguka lini, anaogopa nini, anafanya nini mwenzake akianguka. Hizo ni wiki za programa, na programa alikuwa mmoja. Kwa hiyo korido ya saa ya kwanza na korido ya saa ya sita zilikuwa na watu wale wale.

Niliandika ripoti kwamba hatua ya saba ni rahisi kupita kiasi. Ilikuwa kweli, na haikusaidia. Ripoti inayosema "rahisi" hupata jibu la haraka zaidi lililopo, nalo ni kuongeza namba. Bunduki ya msingi ilifyatua risasi 10 kwa sekunde, kila moja ikimpunguzia adui pointi 12 za uhai. Mgeni wa pointi 100 alianguka kwa risasi ya tisa, yaani chini ya sekunde moja. Baada ya ripoti yangu akapewa pointi 360. Sasa alihitaji risasi 30, karibu sekunde 3 za kushikilia kitufe, na magazini ilikuwa na risasi 30 kamili. Adui mmoja, magazini moja, badilisha, adui wa pili. Mchezaji hakuwa na cha kuamua. Alikuwa na cha kusubiri. Nilipaswa kuandika kwamba hatua ya saba hainiulizi swali lolote, lakini wakati ule sikuwa na maneno hayo.

Tazama Doom ya 1993, gemu yenye umri mkubwa kuliko wengi wa wachezaji wetu. Kiumbe mmoja anarusha moto wa polepole unaoweza kuukwepa kwa kusogea. Mwingine anakuja mbio kuuma. Wa tatu ana bunduki na anakupiga papo hapo. Kila mmoja peke yake ni mwepesi. Waweke watatu chumba kimoja na unalazimika kuamua nani kwanza na usimame wapi. Halo ya 2001 ilimruhusu mchezaji kubeba silaha mbili tu, kwa hiyo kila bunduki iliyolala sakafuni ilikuwa mjadala: niache ipi? Katika Stima ulibeba zote sita, na zote sita zilijibu jambo moja.

## Ilivyopokelewa

Ilitoka Novemba 2023 kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, ambako kuweka gemu hugharimu ada ya dola 100. Steam humrudishia mnunuzi pesa zake akiomba ndani ya siku 14 tangu anunue, akiwa amecheza chini ya saa 2. Hatua ya tano, kwa mchezaji wa kasi ya kawaida, ilianza baada ya saa 2 na dakika 20. Nilipoziandika namba hizo mbili sambamba kwenye karatasi, mkurugenzi aliinuka akasema anakwenda kununua sigara. Havuti.

Alama iliyokaa juu ya ukurasa ni ya maoni mchanganyiko, ambayo Steam huipa gemu inayosifiwa na kati ya asilimia 40 na 69 ya wanaoandika. Lililonishangaza ni jinsi maoni yenyewe yalivyofanana. Waliochoka mapema walisema ni korido kama za gemu nyingine yoyote. Waliofika hatua ya tano waliandika kwa hasira zaidi kuliko wale waliokwisha kuondoka, kwa sababu sasa walijua kilichokuwa kimefichwa, na hatua ya sita iliporudi ndani ya chombo walijiona wametapeliwa. Wachezaji wa nje, wale waliohofiwa wasielewe transfoma, ndio walioisifu sana hatua hiyo ya tano.

Mauzo hayakufikia kumlipa msambazaji alichotanguliza, na mgao wa timu haukuanza. Wachoraji wamerudi kwenye mabango ya apatimenti. Dada wa sauti anarekodi matangazo ya redio.

Desemba niliipeleka gemu kibandani, peke yangu. Yule kijana alikuwepo, sasa ana miaka 16 na ndevu mbili tatu. Alicheza korido mbili, akaweka padi chini.

"Si hii ndiyo ile ya stima?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa stima iko wapi?"

"Iko mbele kidogo, buda."

"Mbele wapi?" Akangoja jibu kwa adabu. Halafu akaomba awekewe mpira.

## Uchambuzi

Nianze na lililofaulu, kwa kuwa husahaulika: waliimaliza. Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997 ikatoka 2011, na haikukosa wafanyakazi. Watu watano juu ya duka la vipuri waliiweka sokoni gemu ya saa 8 kwa muda usiofika miaka mitatu, ikifunguka kwenye laptopu ya Moi Avenue bila kukwama. Mkataba wa awamu, ambao nimeusema vibaya, ndio uliowapa nidhamu hiyo. Sauti ya Wageni ni kazi ya daraja la juu, nami nitamtetea aliyeitengeneza popote. Na zile Jumamosi mbili za kibandani, mkurugenzi akiwa amefunga mdomo, zilikuwa majaribio bora kuliko yote niliyoyafanya mimi kwa zaidi ya miaka miwili.

Kosa kubwa liko kwenye ubao wa Januari 2022. Sentensi ile ilisema wazo halibebeki. Kilichokuwa kimepimwa si wazo. Kilichopimwa ni namna moja ya kulitekeleza, iliyochaguliwa na wachoraji wa mabango kwa sababu ndiyo waliyoijua: balbu 40, vivuli 40, kila kitu kwa wakati halisi. Hakuna aliyeuliza mchezaji anahitaji kuona nini ili ahisi mtaa umezima. Kijana wa kibandani hakuwa akitazama kivuli cha kamba ya nguo. Alihitaji madirisha yaondoke kwa mkupuo na mvumo uanze kupanda. Bei ya njia iliandikwa kama bei ya wazo, na kwa kuwa aliyeiandika ndiye mjuzi pekee wa injini chumbani, ikawa sheria. Simlaumu. Programa mmoja akizungukwa na watu wasiojua kumuuliza "kuna njia nyingine?" hubeba mzigo usio wake.

Kuna mfano wa upande wa pili. Half-Life, gemu ya kampuni ya Valve, ilikusudiwa kutoka 1997. Watengenezaji wakaitazama, wakaona haijawa kitu, wakakusanya mambo yote mazuri waliyokuwa nayo wakayatia kwenye hatua moja, kisha wakaijenga gemu upya kwa kufuata hatua hiyo. Ilitoka Novemba 1998. Stima walikuwa na hatua yao hiyo tayari, Oktoba 2021, na wakafanya kinyume: waliitenga, wakajenga zilizobaki kwa kufuata orodha. Lakini tusidanganyane kuhusu ulinganisho huu. Waanzilishi wa Valve walitoka Microsoft wakiwa na pesa zao wenyewe za kungojea mwaka mwingine. Ushauri wa "bomoa ujenge upya" ukitolewa kwa mtu mwenye mishahara ya miezi mitatu ni matusi. Kilichowezekana Nairobi kilikuwa kidogo zaidi: kumwomba msambazaji wiki tatu za kujaribu njia nyingine ya taa kabla ya kutia saini. Sijui kama angekubali. Hakuulizwa.

Majaribio nayo yalihama kimyakimya. Baada ya mkataba hakuna aliyerudi kibandani. Msambazaji alileta madodoso: toa alama 1 hadi 5 kwa bunduki, kwa michoro, kwa urefu. Tulipata alama 3 na 4 na tukalala usingizi. Dodoso la namna hiyo haliwezi kukuonyesha kitu kisichokuwepo. Waliojibu hawakuwahi kusikia habari za stima, wangeikosa vipi? Waliokuwa na uwezo wa kuikosa walikuwa Eastlands, kwenye viti vya plastiki, na tulikuwa na namba ya simu ya mwenye kibanda.

Kisha mpangilio. Hata bila kubadilisha chochote kingine, hatua ya tano ingeweza kuwa ya kwanza. Pingamizi lilikuwa kwamba mchezaji aanze na anachokijua kabla ya kupewa kipya. Kanuni hiyo si mbaya, ila tulikuwa na video ya watoto wakijifunza Koleo ndani ya dakika nne. Tuliamini kanuni tukaacha video. Muda wa kurudishiwa pesa nao haukuwa siri. Umeandikwa kwenye kurasa za duka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuweka kando ya jedwali la hatua hadi gemu ilipokuwa imekwisha kutoka.

## Siku tisa

Februari 2024 programa alifungua tena uchochoro wa zamani. Hakuwa na kazi nyingine wiki hiyo. Aliugawa mtaa vipande vinne, kila kipande na transfoma yake, kisha akahesabu mwanga wa kila kipande mapema mara mbili: mara ya kwanza taa zikiwaka, mara ya pili zikiwa zimezimwa. Picha zote mbili za mwanga zinakaa kwenye kumbukumbu, na gemu inachanganya kutoka moja kwenda nyingine kadiri Koleo inavyonyonya. Taa halisi zilizobaki ni tatu, zote bila vivuli isipokuwa ile ya transfoma.

Kulikuwa na tatizo la mipaka. Kipande kilichozima kinapaswa kupokea mwanga kidogo kutoka kwa jirani anayewaka, na kuhesabu hali zote za vipande vinne ni michanganyiko 16. Aliiacha hesabu hiyo, akaweka ua wa mabati kwenye kila mpaka. Nairobi haina upungufu wa mabati. Kumbukumbu inayoliwa na picha za mwanga imeongezeka mara mbili, na kwenye simu isingetosha, lakini gemu hii haikukusudiwa simu.

Kwenye laptopu ile ile, uchochoro ule ule sasa unakwenda fremu 41 kwa sekunde. Ilimchukua siku tisa, pamoja na Jumapili moja aliyokwenda kijijini.

Amemrudisha pia mama wa dirishani, kwa Kiswahili, na wali wake. Kuingiza mabadiliko haya kwenye gemu iliyo dukani, au hata kuhamisha tu hatua ya tano iwe ya kwanza, kunahitaji idhini ya msambazaji chini ya mkataba. Barua ilitumwa Machi. Hadi ninapoandika haya, haijajibiwa.